Léocadie na Masanduku ya Mazagazaga

Saa mbili asubuhi, Léocadie amepiga magoti kwenye sakafu ya ghala la mnada, mashariki mwa Johannesburg, akipanga vitu vya marehemu asiyemjua. Makabati huku, sahani kule. Vinavyobaki, vifungo, funguo zisizo na kufuli, miwani yenye kioo kimoja, vinaingia sandukuni. Juu yake anaandika: sundry.

"Ni Kiingereza cha zamani, mtaani hukisikii," anasema msimamizi wake, Ameir, mzaliwa wa Tanga. "Maana yake mazagazaga. Kila kilichokosa kundi."

Léocadie alitoka Bukavu, Kongo, akiwa na mtoto wake, Exaucé, mgongoni. Sehemu kubwa ya mshahara wake inamezwa na kodi ya chumba cha mtaa wa Bertrams anachogawana na familia nyingine. Hata hivyo, mwaka 2016 nusura aipoteze kazi hii kwa hiari yake.

Siku moja mwaka huo ilinadiwa mali ya bibi mmoja marehemu. Ndani ya sanduku la mazagazaga Léocadie alikuta kikopo cha bati, ndani yake pamba, na ndani ya pamba meno ya utotoni, madogo kama punje za mchele.

"Papa Ameir, hii haiwezi kuuzwa."

"Mama Exaucé, mnada umeshaanza. Ukiusimamisha, tunafukuzwa wote."

Alikwenda hivyo hivyo hadi ukumbini. Dalali alikuwa ameshainua nyundo. Léocadie akainua kikopo, akasema kwa Kiingereza chake cha sokoni, "Hiki kina mwenyewe!"

Kutoka viti vya nyuma akainuka binti wa marehemu, ajuza mwenye nywele nyeupe pe. Akachungulia, akaziba mdomo.

"Meno yangu," alisema. "Mama hakuwahi kuniambia ameyatunza."

Hakuna aliyefukuzwa.

"Mtu mzee vile, ameshika meno yake ya utoto!" anasimulia Léocadie. "Nikasema, Mungu wangu, huu ni upendo gani?"

Siku hiyo, alipokuwa akitoka kazini, Léocadie alisimama mbele ya tangazo la mnada langoni: *all and sundry*.

"Linakaribisha watu wote, wa kila namna, bila kuchagua," Ameir alimweleza.

"Neno lile lile la sanduku?"

"Lile lile."

Akalisoma tena, polepole, kwa sauti.

Sasa anadunduliza afungue duka lake la vitu vilivyotumika, hapo hapo Bertrams. Ameshapanga kwamba kabla ya kuuza chochote, jamaa wa marehemu watakaa kwanza na sanduku la mazagazaga.

"Hata kutwa nzima," anasema. "Chai nitawapikia mimi."