Namba Nilizozisafisha

Vijana wa kazini wakiniuliza kwa nini naichukia programu inayorekebisha makosa ya mtu bila kumwambia, huwa nawajibu vibaya. Nawaambia kila mtu ashike kazi yake. Wananiona mkorofi, na kweli mimi ni mkorofi. Marehemu mama alisema nilizaliwa nimekunja ngumi. Basi leo nieleze mara moja, halafu nisiulizwe tena.

Ilikuwa miaka ya vita, kaskazini kulipowaka na watu wa Mitwaba wakaanza kushuka Lubumbashi kwa miguu. Walifika wamepungua. Hukupata familia iliyofika nzima. Mume kapotelea njiani, mtoto kashikwa na umati mwingine uliokimbilia upande mwingine. Parokia moja ya kwetu huku Kenya, naisema commune yetu, yaani mtaa wetu wa Lubumbashi, si ile nchi, ikafungua ofisi ndogo ya kuwatafutia watu watu wao. Mimi nilikuwa nimejifunza Perl, lugha ya kuandikia programu, kwa mfanyabiashara mmoja wa Kivu Kaskazini mwenye malori. Malori yaliporwa, ofisi ikafungwa, nikabaki na kitabu chake kimoja cha Kifaransa kisicho na jalada. Padri akaniita. "Mwana," akasema, "utufanyie kintu na ile mashini yako."

Nikafanya. Ukurasa wa kufungua kwenye kompyuta, wenye kidirisha kimoja cha kuandika na kitufe kimoja. Ulifunguka sehemu mbili: ofisini kwetu, na ng'ambo ya mji karibu na reli, kwenye shule ambako watawa walikuwa wamewapokea waliofika bila mtu. Antena moja juu ya kanisa, nyingine juu ya paa la watawa. Anayefika anaandikwa humo kwa namba yake; anayetafuta anaandika namba, ukurasa unamwambia kama mtu wake yumo na yuko wapi.

Namba, si jina. Hilo padri alilikazia. Jina la mtu wa kwetu linasema ametoka kijiji gani na ni wa nani, na siku zile kulikuwa na wanaume wanaotafuta watu kwa majina yao, na si kwa heri. Kwa hiyo kila mtu alitaja namba ambayo yeye na watu wake hawawezi kuisahau, na hiyo ikawa kitambulisho chake.

Sasa, watu wetu wote wana namba ambayo hawawezi kuisahau. Sisi watoto wa reli na wa mgodi tulilelewa na matrikule, namba ya kazi ya baba. Baba alikuwa namba yenyewe. Mama alikuwa namba hiyohiyo, kisha kistari cha mshazari, kisha moja. Watoto tukafuata: kistari mbili, kistari tatu, mpaka mimi, kistari saba. Hospitalini uliitaja, kantini uliitaja, shuleni uliitaja. Mtoto aliifundishwa kabla hajajua kufunga viatu, ili akipotea sokoni amtajie mlinzi yeyote, arudishwe nyumbani. Kampuni zikaanguka, mishahara ikakatika, akina baba wakafa wakingoja haki zao, lakini namba zilibaki midomoni mwa watu.

Nilijua yote haya. Mimi mwenyewe nilikuwa kistari saba. Nalisema wazi ili mtu asinitetee.

Programu yangu ilimfungulia kila mtu faili, na faili liliitwa kwa namba yake. Kitabu kile kilionya ukurasa baada ya ukurasa: usiamini anachoandika mtu. Kile kistari kwa kompyuta ni mlango wa kuingia folda nyingine. Mjanja akitanguliza nukta mbili kabla ya kistari anaweza kutoka mahali pake akasome mafaili ya watu wengine. Na mafaili yetu, yakisomwa na wale wanaume, ni kifo. Basi nikaiandika programu ikatae. Tarakimu peke yake. Ukiweka kingine chochote, maandishi mekundu: kitambulisho hiki hakikubaliki.

Mama yangu! Wiki ile ya kwanza. Kila wa pili katika foleni alikuwa na kistari chake, na kila wa pili alikataliwa. Mzee mmoja alitupa kofia yake juu ya meza yangu. "Kwa barrière ya barabara basoda banatukatalia kupita," akapaza sauti, "na mashini ya kanisa nayo inatukatalia? Ile namba niliipata nikiwa kijana, weye haukuzaliwa!" Nami sikunyamaza. Nilimjibu, akajibu, foleni nzima ikaingia. Mama mmoja akaniita mbwa wa serikali. Nikamwambia kama mimi ni mbwa basi asogee nisimwume. Ndivyo nilivyokuwa nikizungumza na watu waliotembea majuma mawili na mzigo kichwani.

Ijumaa kichwa kilikuwa kinataka kupasuka. Nikaketi, nikaondoa kukataa kote, nikaweka mstari mmoja mahali pake:

$id =~ s/[^0-9]//g;

Maana yake ni fupi: chochote kisicho tarakimu, kifute. Mtu aandike atakavyo, programu itafuta vistari kimyakimya, ibaki namba safi, iendelee. Jumatatu hakukuwa na kelele. Padri akapita mlangoni, akachungulia. "Sasa njo muzuri," akasema. "Bantu banatulia." Nikamwambia nimewahurumia. Nikawaambia na wengine hivyohivyo, nimewahurumia, na nilipolisema mara nyingi nikaliamini.

Wiki moja baadaye akaingia mama mmoja wa makamo, kitenge kimepauka kwa jua, miguu imefungwa vitambaa. Alitoka upande wa Mitwaba. Mumewe, aliyekuwa wa reli, alikufa kabla ya vita. Watoto wake wawili, mkubwa alizikwa njiani. Aliyebaki ni msichana wa miaka kumi na minne, na walitenganishwa mtoni watu walipokimbia risasi.

"Yambo, mwana," akasema. "Banasema mashini yenu inajuaka kwenye bantu beko. Minabakia na mutoto mumoja tu. Ni huyu tu."

"Yambo, mama. Ikaa. Namba yake ni ngapi?"

Akaitaja kama sala: nne, nne, moja, saba, kistari, tatu. Nikaiandika kama alivyosema. Ukurasa ukafunguka: msichana, kutoka upande wa Mitwaba, amepatikana, amechukuliwa na mjomba wake, Kasomeno. Faili limefungwa.

Nikamsomea kwa sauti. Nilifurahi, msidhani sikufurahi. Siku zile faili lililofungwa kwa heri lilikuwa karamu. Mama yule akashika kichwa kwa mikono miwili. "Kaka yangu eko Kasomeno!" akalia. "Anauzishaka samaki kule! Ee Mungu, alijuaje?" Akanikumbatia juu ya meza, akaangusha karatasi zangu. Akapiga vigelegele, foleni ikamwitikia. Kesho yake asubuhi alipata nafasi juu ya lori linalokwenda barabara ya Kasenga, akaondoka kumfuata binti yake.

Alirudi siku ya kumi na moja.

Nilimwona mlangoni kabla hajasema neno. Hakukasirika. Alikuwa na haya, kama mtu aliyekuja kuomba chumvi kwa mara ya pili. Kaka yake alikuwepo Kasomeno, mzima, lakini hakuna mtoto aliyefika kwake, wala hakuwa amesikia habari zozote. "Labda niliitaja mubaya," akasema. "Uangalie tena, mwana."

Hakuitaja vibaya. Programu ilikuwa na daftari lake la ndani, ambamo iliweka kila kilichoandikwa kabla ya kusafishwa. Nikalifungua, nikatafuta. Faili nililomsomea lilikuwa la familia nyingine, ya mgodi. Matrikule za reli zilikuwa za tarakimu nne, za mgodi tano. Ya mgodi ilikuwa elfu arobaini na nne, mia moja sabini na tatu, namba tupu ya baba, ambayo msichana wao aliandikwa nayo wiki ile ya kwanza vistari vilipokataliwa. Ondoa kistari katika namba ya huyu binti, ubandike tatu mwishoni, unapata namba ileile. Mstari wangu ulikuwa umewafanya watu wawili kuwa mmoja.

Halafu nikaona la pili. Ile namba yenye kistari ilikuwa imeandikwa mara mbili. Mara moja na mimi, mama akiwa mbele yangu. Na mara moja kabla, siku sita kabla, kutoka kwenye ile kompyuta ya watawa.

"Mama," nikasema, "mutoto eko hapa. Eko hapa Lubumbashi. Twende."

Tulikodi taksi. Njia nzima alinishika mkono, akicheka peke yake, akisema atamchapa kwa kumtembeza Kasomeno bure, halafu akisema hapana, hatamchapa. Mimi nilicheka naye. Nilikuwa nimeanza kujisamehe: kosa limetokea, limeonekana, linarekebishwa, siku kumi na moja si mwisho wa dunia.

Mtawa mwenye zamu alitupokea uani. Nilitaja namba. Akanitazama mimi, kisha mama, kisha akamwomba mama aketi kwenye benchi, na mama akakataa kuketi.

Kipindupindu kilikuwa kimeingia pale shuleni wiki iliyotangulia. Binti alikufa siku tatu kabla ya sisi kufika. Walimzika na wengine wanne.

Mama aliketi chini kwenye vumbi, si kwenye benchi. Sitaandika alivyolia. Mtawa naye alikuwa analia, na katika kulia akawa anajieleza, maskini, kana kwamba yeye ndiye wa kujieleza: kwamba siku binti alipofika, yeye mtawa aliandika namba yake, na ukurasa ukasema tayari ameandikwa, naye akashukuru Mungu, akadhani ofisi ya Kenya imeshamwandika, akaenda kwa mwingine. Kwamba kila asubuhi binti alikuja kuuliza kama kuna mtu amemuulizia. "Nilikuwa namuambia, kaa tu hapa, mwana," akasema mtawa, "uko ndani ya mashini, mama yako atakuona. Wakubwa benzake balienda kujitafutia jamaa mu mji. Yeye alibakia, ju nilimuambia abakie."

Ningetaka kusema kwamba nilikiri palepale. Sikukiri. Nilikwenda kwa padri, nikamwambia kila kitu, nikamwonyesha ule mstari. Aliusoma. Mwisho akasema, "Maji yamemwagika, mwana. Ukimwambia, utatua mzigo wako juu ya kichwa chake. Itamsaidia nini?" Nikatoka, nikaubadilisha mstari. Nikaweka vidirisha viwili, kimoja cha namba ya baba, kimoja cha namba ya mtoto, na anayekosea anakataliwa na kuelezwa namna ya kuandika. Kazi ya asubuhi moja. Asubuhi moja tu, na ningeweza kuifanya ile Ijumaa.

Lakini sikuweza kulala na maneno ya padri. Siku ya nne ya kilio nikaenda. Jamaa wa mbali walikuwa wamempokea huku Kenya, nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, na wanawake walikuwa wameketi naye juu ya mkeka. Nikavua viatu, nikaketi. Nikamwambia. Sikutumia maneno ya kompyuta. Nilisema mwanzoni mashini ilikuwa inakataa namba zenye kistari, na kama ningeiacha hivyo angekataliwa, tungetafuta namna nyingine ya kuiandika, na tungejua mtoto yuko kwa watawa, mzima. Nilisema niliiondolea kukataa ili isiwaumize watu waliokwisha kukataliwa kila mahali.

Nje mtu alikuwa anapiga chuma. Nilingoja anitukane, nilikuja kutukanwa, Mungu ananijua, ningeshukuru.

Aliuliza jambo moja. "Bale ba kwanza, benye ilikatalia, balifanya nini?"

"Balinitukana, mama."

Akatikisa kichwa polepole, akinitazama usoni, bila hasira yoyote.

"Na miye ningekutukana," akasema. "Ningekutukana sana, mwana. Halafu ningemupata mutoto yangu."