Nokauti Niliyojipiga Mwenyewe

Ninafundisha Kiingereza watu wazima hapa Bunia, na hili ninalijutia mpaka leo. Asubuhi hiyo neno letu lilikuwa nokauti. Nikaeleza kwa upole: bondia akiangushwa asiamke, ni nokauti, timu ikitolewa mashindanoni, vilevile, hata mtu akizimia, husemwa hivyo. Kisha, ili wasisahau, nikajiangusha sakafuni na kufumba macho, nikisubiri wanihesabie hadi kumi.

Hakuna aliyehesabu. Mama Furaha, mwanafunzi wangu hodari, aliyekuwa na mtihani wa kazi saa nne, akapiga kelele: "Mwalimu iko anakufa! Muite pikipiki!"

Nilipaswa kuamka palepale. Nikaona haya, nikaendelea kulegea. Wakanipakia nyuma ya dereva, Mama Furaha akaketi nyuma yangu amenikumbatia, akilia na kuniombea njia nzima hadi kituo cha afya.

Muuguzi aliposhika sindano, nikafumbua macho. "Mmeona?" nikasema. "Nokauti ndiyo hiyo."

Mama Furaha akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano.

"Mwalimu," akauliza polepole, "kumbe weye ulikuwa unasikia?"