Umurerwa wa Mururu, mpimaji wa maharagwe anayeshukuru kuruhusiwa kusema "bado hatujui"

Saa moja kasorobo asubuhi, ukungu wa ziwani bado umekalia kilima cha Mururu kama kuku anayeatamia. Umurerwa anatundika mizani kwenye boriti ya baraza la Mukandori, anaivuta mara mbili kuhakikisha haitamwangukia kichwani, kisha anaomba gunia la kwanza. Limefungwa kamba nyekundu, alama ya mbegu mpya. La pili, la kamba ya njano, yaani mbegu ya zamani, linasubiri ukutani.

"Maman Moyenne, usiangalie ile mizani na macho kali vile," anachokoza Mukandori, mwenye shamba. "Haitaongeza kintu."

"Mimi niko naangalia weye, Maman. Toa mukono chini ya gunia."

Wote wawili wanacheka. Moyenne ni wastani kwa Kifaransa, na wakulima wa kilima hiki wamempa mwanamke huyu jina hilo kwa sababu hakuna siku aliyofika kwa mtu bila kulitaja neno hilo kabla ya chai kuiva. Umurerwa, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, ndiye mpimaji wa majaribio wa chama cha ushirika cha wakulima wa maharagwe. Anapima, anaandika, na jioni anakaa mbele ya kompyuta kuuliza swali moja tu: hii tofauti tunayoiona ni ya kweli, au ni bahati imevaa shati zuri?

Alizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mto wa mpakani, katika familia ya Wanyarwanda waliorudi nyumbani akiwa tayari msichana. Baadaye alivuka tena kwenda kusoma takwimu chuoni, akamaliza miaka miwili, baba yake akafariki, na masomo yakaishia hapo. Miaka sita iliyofuata alibeba nyanya na vitunguu kuviuza ng'ambo, akivukia kituo cha mpakani cha Rusizi ya Kwanza. Siku nzuri alirudi na faranga elfu mbili. Siku mbaya alirudi na nyanya zilezile, zimelainika zaidi.

"Mpaka ulinifundisha hesabu kuliko chuo," anasema, akiandika uzito wa gunia jekundu. "Unauza vizuri Jumanne moja, unafikiri umekuwa tajiri. Jumatano inakurudisha kwenye akili zako."

Leo analipwa faranga elfu tisini kwa mwezi. Hazimtoshi, ila hulala usingizi wake wote, na kwa mtu aliyewahi kunyeshewa na kikapu kichwani, anasema, hilo si jambo la kulipita bila kumshukuru Mungu.

Kazi iliyompa jina kilimani ilianza mwaka jana. Mradi mmoja wa kilimo ulileta mbegu mpya ya maharagwe yanayotambaa kwenye fito. Kaya ishirini na nne zilikubali kugawa shamba nusu kwa nusu: huku mbegu mpya, kule mbegu ya zamani, ule mchanganyiko wa rangi ambao kina mama wa hapa wameutunza vizazi hata vizazi.

Mavuno ya Januari yalikuja na shangwe. Kwa wastani nusu ya mbegu mpya iliizidi ya zamani kwa kilo tano. Umurerwa aliingiza namba kwenye kompyuta. Kwa kuwa kila kaya ilikuwa na nusu zake mbili, alichagua kipimo cha jozi, kinacholinganisha nusu za shamba lilelile badala ya kumwaga kila kitu kwenye chungu kimoja.

Anapoeleza sababu, anatumia viatu. "Ukitaka kujua kiatu gani kinadumu, usimpe mchukuzi wa mpakani kipya na padri cha zamani. Padri atashinda tu, maana anakaa. Mvalishe mtu mmoja, kipya kulia, cha zamani kushoto. Hapo miguu imetembea njia moja."

Kompyuta ilijibu kwa sauti ya juu. Kama kweli mbegu hizo mbili zingekuwa sawa, kuona pengo kubwa namna ile kwa bahati tu kungekuwa jambo la nadra sana, chini ya mara moja katika mia. Na mabano ya uhakika, yaani ule upana wa makadirio ambamo faida halisi inadhaniwa kukaa, yalianzia kilo tatu hadi saba. Sifuri ilikuwa mbali kabisa.

Mwenyekiti wa ushirika, Muhigirwa, mzee mcheshi mwenye mwendo wa haraka, hakutaka kusikia zaidi. Aliitisha mkutano wa kutangaza kwamba kilima chote kihamie mbegu mpya. Wengine hawakungoja hata mkutano. Walipakia mbegu ya zamani kwenye magunia kuipeleka sokoni Kamembe, ambako wachuuzi huvusha maharagwe kwenda ng'ambo, maana huko yanaliwa vizuri. Ikishauzwa ikaingia chunguni Bukavu, haiokotwi tena.

Siku mbili kabla ya mkutano, Umurerwa alipita kwa Mukandori kuchukua kamba yake ya kupimia. Akamkuta anapalilia karibu na migomba, mahali mbegu mpya ilipokuwa imekaa. Alimuuliza, kama mtu anayepiga soga tu, kwa nini aliipanda pale.

"Si iko mugeni?" Mukandori alishangaa swali lenyewe. "Mugeni unamupa fasi ya muzuri. Utamulalisha kule kwa mawe, bantu baseme nini?"

Mahali pazuri ni pale karibu na nyumba, chini ya migomba, ambapo majivu, maganda na samadi humwagwa mwaka mzima. Umurerwa alikwenda kwa jirani. Mgeni alikuwa amelazwa karibu na nyumba. Akaenda kwa mwingine. Vilevile. Hadi giza linaingia alikuwa amezunguka nyumba tisa, na katika zote mbegu mpya ilikuwa imepewa kitanda cha mbele. Hakuna aliyedanganya. Watu walikuwa wamekaribisha.

"Nilikaa chini nikacheka mpaka nikalia," anasema. "Adabu yetu nzuri imetuharibia jaribio."

Alimpigia simu Anastase, mtaalamu wa takwimu wa mradi aliye Kamembe, ambaye kwa miezi mitatu alikuwa amekaa naye kila Ijumaa kumfundisha programu ya kompyuta bila kudai hata soda. Anastase naye alicheka.

"Umurerwa, kipimo tulichochagua ni sahihi," alimwambia. "Lakini kimepima mbegu na samadi pamoja, na hakina macho ya kuzitenganisha. Kawaambie."

Kuwaambia ndiko kulikokuwa na miiba. Siku ya mkutano ghala la ushirika lilijaa hadi mlangoni. Muhigirwa alimtambulisha kwa vigelegele. Umurerwa alisimama, akaeleza habari ya mgeni na kitanda cha mbele, akaomba vitu viwili: msimu mwingine wa jaribio, na mtu yeyote asiuze mbegu ya zamani mpaka hapo.

"Sasa Januari ulitupa kilo tano, leo unatunyanganya?" aliuliza Ntabaza, mkulima ambaye magunia yake yalikuwa tayari juu ya baiskeli.

"Papa, sikunyanganyi. Ninakuambia sijui ngapi ni ya mbegu na ngapi ni ya mavi ya ng'ombe yako."

Ghala lililipuka kwa kicheko. Ntabaza alijaribu kununa, akashindwa. Ni Mukandori aliyesimama akafunga mjadala: "Kama mimi ndiye nilipanda mubaya juu ya heshima, basi nipande tena bila heshima." Jioni ile Ntabaza alishusha magunia yake.

Msimu wa Februari Umurerwa alizunguka kaya zote na sarafu. Kila shamba liligawanywa kwa namna ambayo nusu zote mbili zinafanana, kisha sarafu ikarushwa kuamua mbegu ipi ilale wapi. Baadhi ya wazee walisema huo ni mchezo wa kamari. Aliwajibu kwamba sarafu ndiyo pekee kilimani isiyojua kukaribisha wageni.

Magunia ya Mukandori asubuhi hii ndiyo ya mwisho kupimwa. Kufikia saa tano, Umurerwa amekwisha kuketi ghalani na kompyuta, na Muhigirwa amemwinamia begani akipumua kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wa mwanawe.

Jibu linatoka. Mbegu mpya imezidi kwa kilo moja na gramu mia nne kwa wastani. Mabano ya uhakika ya tisini na tano kwa mia yanaanzia pungufu ya gramu mia sita hadi ziada ya kilo tatu na gramu mia nne. Sifuri imo ndani, imekaa kabisa.

"Maana yake mbegu ni mbovu?" anauliza Muhigirwa.

"Hapana, Papa. Maana yake labda inafaa kidogo, labda inafaa sana, labda haifai kitu. Kukosa ushahidi wa tofauti si kusema ziko sawa."

"Hiyo tisini na tano si ni weye uliiweka? Weka themanini. Yatapungua upana."

Umurerwa anajua kwamba mzee hakosei. Kwa themanini, ncha ya chini ingeruka sifuri kwa unywele mmoja, na leo hii angetoka ghalani na shangwe ya pili.

"Yatapungua kweli," anamjibu. "Lakini tulikubaliana tisini na tano kabla hatujapanda. Nikibadili leo nimeshaona jibu, nitakuwa fundi anayemwambia mteja apunguze mwili ili shati limwenee."

Muhigirwa anajiangalia tumbo, anacheka, anasalimu amri.

Hiyo tisini na tano yenyewe, Umurerwa anaieleza kwa uangalifu, maana hata wenye vyeti huikosea. Haisemi kwamba kuna uwezekano wa tisini na tano kwa mia ukweli umo ndani ya mabano haya ya leo. Inaisifu njia, si jibu moja: jaribio kama hili likirudiwa mara nyingi kwa njia ileile, karibu mabano tisini na tano katika kila mia yatakuwa yameukamata ukweli. "Haya ya leo yameukamata au yameukosa," anasema. "Mimi ninaiamini njia, kwa hiyo ninalala."

Alasiri wanachama wanakusanyika, na anawapa habari bila sukari. Kinyume na alivyoogopa, hakuna anayenuna. Ntabaza anauliza afanye nini ili ajue. Umurerwa anamwambia upana wa mabano hupungua polepole: kuukata nusu, idadi ya kaya inabidi iwe mara nne, yaani tisini na sita. Mikono inaanza kuinuka, hata ya watu waliotoka Mibirizi kuja kusikiliza tu.

Tatizo moja linajitokeza. Wengi wa hao wapya hawana mbegu ya zamani. Waliimaliza sokoni miaka iliyopita, na bila ya zamani hakuna cha kulinganisha.

Mukandori anatuma watu nyumbani kwake. Wanarudi na vyungu vitatu. Anavua viatu, anakaa sakafuni na kuanza kugawa kwa bakuli: nyekundu, nyeupe, zambarau, zenye madoa. Baada yake Ntabaza anasogeza gunia lake, lile la baiskeli, analifungua kamba.

Umurerwa anasimama kando. Anasema alipokuwa na kikapu kichwani hakuna aliyewahi kumsubiri afikirie mara mbili, na hapa kilima kizima kimekubali kungoja misimu miwili kwa sababu yeye alisema hajui. "Watu waliosoma kuliko mimi hawajapewa zawadi hii," anasema.

Septemba atazunguka kaya zote tisini na sita. Na Anastase amemtafutia nafasi ya kumalizia mwaka wa tatu wa takwimu, masomo ya Jumamosi. Anataka cheti, hilo hafichi. Lakini kwanza anataka siku moja aingie ghalani na mabano membamba, awaambie ndiyo au hapana, na kama ni hapana, mbegu ya zamani ya kupanda iwe bado ipo.