Kitanda Kisichopita Mlangoni

Kinyozi hajinyoi, na mimi seremala nililala chini miaka yote ya ujana wangu Nairobi. Mchana nilichonga vichwa vya vitanda vya watu wengine, maua na ndege na majani ya mgomba. Jioni nikarudi chumbani kwangu Kisumu Ndogo, kule Kibera, nikatandika godoro sakafuni. Sikuona haya. Mke wangu alikuwa nyumbani Machakos na mama yangu, na mwanamume aliye peke yake hulala popote, hata juu ya gunia la maranda.

Kazi yangu ilikuwa Kawangware, upande wa Riruta Satellite, kwenye yadi ya mbao ya familia moja ya Kihindi. Kwenye karatasi yadi ilikuwa ya mtoto wa kiume wa nyumba ile. Mwenye yadi hasa alikuwa mama yake, mjane mfupi mwenye sari nyeupe na raba za kiume, ambaye wajukuu walimwita Ba, yaani mama kwa lugha yao. Sisi wafanyakazi tulimwita hivyohivyo. Nikiikumbuka yadi ile leo, pua ndiyo inayotangulia: saipresi mbichi iliyopasuliwa asubuhi, udi kutoka kwenye chumba chake cha sala, na chai ya maziwa iliyotiwa tangawizi mpaka ikakuwasha koo. Sijapata tena chai ya namna ile, na nimeitafuta.

Ba alikuwa na mahubiri yake. Akimaliza kusali alikuja kukaa kwenye kigoda karibu na meza yangu ya kazi, akanitazama nikichonga, na kila nilipoinua kichwa changu cha kitanda na kukigeuzageuza kwa kujipenda, alipiga ulimi.

"Wewe fanya kazi, fundi. Kwisha fanya, wacha."

Basi, hiyo ndiyo ilikuwa dini yake yote kwa Kiswahili chake. Fanya kazi yako vizuri, kisha ufungue mkono. Usishike ulichotengeneza, na usikae ukingoja kitu kurudi kwa sababu yake. Mimi niliona ni maneno mazuri kwa mtu mwenye geti la chuma na mlinzi. Tena Ba huyohuyo hakuachilia hata kopo tupu la samli. Aliyarundika nyuma ya jiko mpaka yakafika dirishani, na ole wake atakayegusa moja. Nilimwambia hivyo siku moja. Alicheka, akasema ni kweli, na kopo hakunipa.

Mwaka uliotangulia ule wa uchaguzi aliniletea kazi ngeni. Kila mwaka, baridi ikishapungua, familia yake ilimkaribisha nyumbani Ganesh, mungu wao mwenye kichwa cha tembo. Walimweka sebuleni siku chache, wakamwimbia na kumpa vitamu, kisha wakamzamisha majini aende zake. Mtu aliyekuwa akiwatengenezea sanamu alikuwa amehama mji, na Ba akataka mimi nimfinyange, wa udongo, mdogo tu wa kubebeka.

Hapo ndipo Ukamba wangu uliponiponza. Kwetu udongo ni kazi ya wanawake. Mama yangu alikuwa mfinyanzi, na sisi wavulana tulifukuzwa mbali vyungu vikiwa vibichi, eti vitapasuka kwa macho yetu. Mimi, mchongaji, mtoto wa wachongaji, nikae yadini nikikanda udongo mbele ya wapasua mbao? Hapana. Nikasema moyoni, huyu ni mungu wa watu, anastahili mti. Nikamchonga kwa jakaranda. Nilimpa mkonga uliojikunja vizuri, tumbo la kushiba, kucha za miguuni moja moja. Ba alipomwona alinyamaza. Nilidhani ni uzuri uliomnyamazisha.

Siku ya kumzamisha walijaza pipa la maji katikati ya yadi. Waliimba, mtoto wa Ba akamshusha polepole, na mungu akazama, akaibuka, akaelea chali mkonga juu kama mzee anayeoga mtoni. Walimsukuma chini, akarudi. Walimkalisha, akapinduka. Mtoto wa Ba alinitazama kwa macho ambayo sitaki kuyakumbuka. Ba alicheka mpaka akashika nguzo.

"Huyu hapana enda," alisema akijifuta machozi. "Wewe nafunga yeye."

Ndipo akanieleza. Mungu huyu huja ili aende. Asipoyeyuka, mmemzuia mgeni mlangoni na mmemnyang'anya viatu. Udongo hautumiki eti kwa sababu ni rahisi. Unatumika kwa sababu unakubali kurudi.

Mwaka uliofuata, ule wa 2007, nikakanda udongo. Wapasua mbao walinipa kila jina la kike walilolijua na nikavumilia. Alitoka mzuri kuliko yule wa mti, na siku yake ilipofika alikaa ndani ya pipa, chini kabisa, akaanza kulegea, masikio kwanza, halafu ule mkonga. Niliumia. Nusura nitumbukize mkono nimtoe. Ba aliyachota maji yale ya matope akayamwagia mrehani wake mtakatifu, ulioota ndani ya kopo la samli, akaniuliza kama nitakunywa chai.

Wakati huohuo nilikuwa nimeanza kitanda changu. Mke wangu alikuwa amekubali kuja kuishi nami mwaka mpya ukiingia, na kwenye simu nilimwahidi kwamba hatalala sakafuni hata usiku mmoja. Mtoto wa Ba aliniruhusu vipande vya mahogani vilivyobaki, nami nikavibeba Kibera kimoja kimoja, matendegu, mbavu, kichwa, chaga za kulazia godoro. Niliunga kila kitu mle mle chumbani. Misumari sikuitaka, bolti sikuitaka. Ni vijiti vya mbao na gundi, kazi ya kuishi kuliko mwenyewe. Kichwani nilichonga njiwa wawili na mahindi ya kwetu. Kilipokamilika kilijaza chumba, ukiingia unapanda kitandani moja kwa moja.

Jirani yangu wa mlango wa pili, mama mmoja wa kutoka Ziwa aliyeuza omena, dagaa wa kwao, alikuja kukitazama na watoto wake watatu nyuma yake. Alikizunguka kwa macho, maana kwa miguu haikuwezekana.

"Iko mzuri, jirani. Na siku ya kuhama itapita wapi?"

Niliutazama mlango, nikakitazama kitanda. Sikuwa nimefikiria. Seremala mzima! Nikamjibu kwamba mimi na kitanda hiki tutahamishwa pamoja, tukacheka.

Kisha kura zikapigwa, matokeo yakatangazwa, na Kibera ikawaka. Sitaki kuyarudia ya siku zile. Aliyekuwepo anajua na asiyekuwepo ameambiwa. Mwanzoni watu wa kwetu hatukuguswa sana. Lakini wakubwa walipoanza kugawana viti huko juu, na mtu wa kwetu akapata chake upande wa serikali iliyopingwa Kibera, tulioishi huku chini tukaanza kutazamwa kwa jicho jingine. Mchana mmoja yule mama wa omena aliingia bila kubisha.

"Jirani, toka saa hii. Pitia reli. Usibebe kitu, watajua unahama."

Nilitoka na simu na koti. Nikatembea mwendo wa mtu anayekwenda dukani mpaka nilipoiacha reli, halafu nikakimbia. Kawangware nako hakukuwa kwema, moshi ulikuwepo na watu walikuwa wakihama kwa mikokoteni, lakini yadi ilikuwa na geti. Lile geti nililolisimanga ndilo lililonifungukia. Ba aliniwekea blanketi kwenye stoo ya mbao na hakuniuliza nitakaa mpaka lini.

Nilikaa, na nilikuwa mtu mbaya wa kukaa naye. Watu walikuwa wamepoteza ndugu, na mimi kichwani mwangu kulikuwa na kitanda tu. Niliwaza kimepasuliwa kuni. Niliwaza fulani amelala juu yake na buti. Mke wangu akipiga simu aliuliza kama nimekula, nami nikamjibu kuhusu kitanda. Bila kitanda kile niliona sina cha kumwitia Nairobi, nimekuwa mwongo kwa mke wangu na mbele ya mama yangu.

Ba alisikia hadithi ile mpaka akachoka. "Kwisha fanya," alisema. Sikumwacha amalizie. Nilimwambia kwa hasira kwamba yeye hajawahi kufukuzwa kwake. Aliniambia taratibu kwamba mume wake na yeye walifukuzwa Uganda, na kwamba walikuwa na kinu cha pamba huko. Aliondoka kwenda kuchambua dengu zake. Nilibaki nimeshika patasi kama mjinga.

Viongozi walipopeana mikono na barabara zikafunguka, nilichukua msumeno nikaenda Kibera. Nilikuwa nimeshapiga hesabu ya fundi: nikate matendegu chini ya mbavu, nipasue kiungo cha kichwa, nitoe vipande, niviunge upya Kawangware. Kingekuwa na makovu lakini kingekuwa changu.

Mlango wangu ulikuwa wazi. Mama wa omena alikuwa ameketi kizingitini akipepeta omena, na kibarazani vijana wawili wa mtaa walikuwa wakitafuna miwa. Chumba chake yeye, mlango wa pili, kilikuwa mabati yaliyoungua tu.

"Niaje, fundi," kijana mmoja alisema akiutazama msumeno. "Umepotea sana. Umekam kubeba nini?"

Kabla sijafungua kinywa, yule mama alisimama.

"Mimi ndio nilimwita," alisema kwa sauti ya sokoni. "Kitanda yangu imelegea chaga. Ingia, fundi."

Niliingia. Ndani watoto wake walikuwa wamelala kukingama kwenye kitanda changu, mmoja ana homa. Mama aliinama karibu nami kama anayenionyesha ubao, akaninong'oneza. Walipokuwa wakipita chumba kwa chumba wakitoa vitu vya walioondoka, alisimama mlangoni akasema kitanda ni chake, alikinunua kwangu na amekilipa. Hawakumwamini. Akawalaza watoto juu yake palepale ili waamini. Chumba chake kilipoungua baadaye, uongo ukawa makazi.

"Ukikitoa leo," alisema, "kesho wataniuliza nilikuwa nafichia nani vitu. Lakini ni chako, jirani. Sema wewe."

Nataka niseme nilivyojisikia, maana kwenye simulizi watu huwa wema haraka mno. Nilikasirika. Nilimchukia yule mama kwa muda wa kutosha kuwatazama njiwa wangu mara ya mwisho. Alikuwa ameokoa kitanda na kwa kukiokoa amenipokonya, na hakuwa na kosa hata moja la kumshikia. Nilitaka kulia kwa sauti. Mtoto mwenye homa aligeuka, na kitanda hakikulia hata kidogo, kiungo hakikucheza. Kilikuwa kazi nzuri, jamani.

Nikachukua msumeno, nikakata kipande cha ubao kilichokuwa pembeni, nikakichomeka chini ya chaga ambayo haikuwa na ubovu wowote. Nikagongagonga wasikie. Kisha nikatoka kizingitini.

"Kitanda yako iko sawa sasa, mama," nilisema.

"Asante, fundi. Nikulipe nini?"

"Ulishanilipa."

Kijana aliyeniuliza alinisogezea kipande cha muwa. Nikakipokea.

Nilirudi kwa miguu. Nilipofika karibu na Satellite nilimpigia mke wangu, nikamwambia kitanda hakipo, asinitarajie kwa lolote. Akauliza, "Na wewe upo?" Nikasema nipo. "Basi," akasema, na akaniuliza nauli ya kuja ni ngapi siku hizi. Mvua za masika zilipoanza alikuwa Kawangware, juu ya godoro, sakafuni, akinicheka.

Lakini jioni ile sikuwa bado na mke wala kicheko. Nilikuwa na jambo moja tu la kunifariji, nalo ni kwamba Ba atafurahi. Njia nzima nilikuwa nikilipanga nitakavyolisema. Nimelitenda somo lake, tena si kwa sanamu ya udongo, kwa kitanda cha ndoa! Nilimkuta jikoni na sinia ya dengu mapajani. Nilimsimulia yote, mama wa omena, watoto, ubao nilioupachika bure, na lile neno la mwisho nikalirudia mara mbili asije akalikosa. Nikasimama pale nikingoja.

Ba aliendelea kuchambua. Alitoa kijiwe, akakitupa dirishani. Akatazama mawingu, akasema mbao za saipresi hazijafunikwa.

Nilimwambia labda hakunielewa, kwamba hili hata kwetu tunalijua, wazee wetu walishasema: tenda wema nenda zako.

Ba aliinua macho, na kwa mara ya kwanza siku ile akanitazama vizuri, mimi na msumeno wangu mlangoni pake.

"Sasa kwa nini wewe bado iko hapa?" aliuliza.

Nikaenda kufunika mbao.