Jipu la Mjomba

Kila nikifungua spiriti kumsafisha mwanangu goti, namkumbuka mjomba. Tulikuwa tunakaa Fittja, huko Uswidi, nami bado mtoto. Mkono wake ulivimba, ngozi ikakaza na kung'aa, ikatoa harufu ya usaha. Mama alimkanda kwa kitunguu cha kuchoma siku tatu, kama majipu yanavyokandwa kwetu nyumbani.

Hospitalini nilitafsiri mimi, maana kati yetu Kiswidi nilikijua mimi tu. Nesi akauliza kama mjomba anajidunga dawa za kulevya. Sindano nilishaziona ndani ya kiatu chake. Mjomba alinitazama.

“Anasemaje?” mama akauliza.

“Anauliza kama ameumwa na mdudu.”

Nikamjibu nesi: hapana.

Hata leo mama huwasimulia wageni jinsi nilivyotafsiri vizuri, wiki moja kabla hatujamzika kaka yake.