Zamu ya Mzee Rangi

Watu wengi wanaoniita nyumbani kwao kwa ajili ya kompyuta hawana shida na kompyuta. Wana shida na subira. Mashine ikichelewa dakika moja wanaipiga kofi la ubavuni, kisha wananipigia simu kuniambia imeharibika yenyewe. Nimefanya kazi hii miaka kumi na saba na nimejifunza kunyamaza, jambo ambalo mke wangu haliamini mpaka leo.

Shangazi yangu hakuwa wa namna hiyo. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa karani wa kadi kwenye zahanati, nyuma ya dirisha dogo lenye nondo, na kazi yake kubwa ilikuwa kuandika tarehe ya kurudi. Mtoto akishachomwa sindano, mama yake anapita dirishani, shangazi anaandika tarehe kwa wino mwekundu na kusema, "Usiponiletea huyu siku hiyo, nitakufuata." Na alifuata kweli, kwa miguu, mpaka mlangoni. Mtaa mzima ulimwita Mama Tarehe. Nimeona wanaume wenye ndevu zao wakikutana naye sokoni na kujishika bega walilochomwa sindano utotoni, bila kujijua.

Mumewe alikuwa fundi wa kupaka magari rangi. Yeye tulimwita Mzee Rangi, maana kucha zake zilikuwa na rangi ya gari la wiki iliyopita, sikukuu na siku ya kazi. Tangu binti yao aolewe mbali walibaki wawili tu, na hawakuwa watu wa maneno mengi. Walichokuwa nacho ni drafti.

Mchezo huo niliwawekea mimi mwenyewe, kwenye kompyuta ya mezani ambayo binti yao aliwanunulia ili waonane kwa video kila Jumamosi. Ulikuwa mchezo wa kizamani usio na hata mahali pa kuhifadhi. Ukiufunga, umekwisha. Basi hawakuufunga, nami niliwafungia betri ya akiba ili umeme ukikatika mashine isizime. Walikuwa na utaratibu wao: kila mtu hatua moja kwa siku. Shangazi alisogeza kete yake asubuhi kabla ya kwenda kazini, na jioni akirudi anakuta mumewe ameshajibu. Mchezo mmoja uliweza kula mwezi. Siku moja niliwacheka, na Mzee Rangi akaniambia, "Wewe unamaliza mchezo kwa dakika kumi. Halafu unabaki na nini?" Shangazi alimshinda kila mara, hakuwahi kumhurumia hata mara moja, na mzee alikuwa akilitangaza hilo gereji kwa majigambo, utadhani mshindi ni yeye.

Mzee Rangi alifariki Jumanne mchana, kitandani, peke yake. Mapafu yalikuwa yamechoshwa na moshi wa rangi wa miaka yote ile. Ubao wa drafti ulibaki wazi kwenye skrini, na chini yake maandishi madogo yakisema ni zamu ya mweusi. Mweusi alikuwa yeye.

Miezi saba baadaye shangazi aliniita.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Pita. Hii mashine inanisumbua."

Skrini ilikuwa imefunikwa kitambaa cha mezani. Alikiondoa kidogo, upande wa kulia tu, nami nikaona kilichokuwa kinamsumbua: kile kisanduku kinachotokea pembeni kusema kwamba sasisho jipya liko tayari, na kompyuta itahitaji kuzimwa na kuwashwa upya. Chini yake vitufe viwili. Kimoja kinasema sasa hivi, kingine kinasema nikumbushe baadaye. Kwa miezi saba alikuwa anabonyeza baadaye, siku nyingine mara tatu.

"Mama Tarehe umepata mwenzako," nikamtania.

"Huyu hajui kazi," alisema. "Mimi nilikuwa naandika siku. Baadaye ni lini?"

Nikamwambia niupige picha ule ubao, halafu tuiache mashine ijisasishe yaishe.

"Picha ya nini? Picha haina zamu." Alikirudisha kitambaa mahali pake, akakilainisha kwa kiganja. "Humo kuna kitu nataka kukitazama vizuri. Moyo bado haujakubali. Nikishabonyeza hapo pembeni huwa nafunika haraka. Lakini nitakitazama, na siku hiyo nataka nikikute."

"Basi nikate mtandao."

"Na Jumamosi mtoto nitamwona wapi?"

Ipo njia ya kuzuia masasisho yale kwa muda mrefu. Ni kazi ya saa nzima hivi, kuingia ndani kabisa ya mipangilio, kubadilisha jambo moja baada ya jingine na kuhakikisha kila hatua imeshika. Naijua. Siku ile nilikuwa na mteja amesimama mlangoni kwangu na printa mikononi, ameshanipigia mara nne. Nikaingia juu juu nikabonyeza kitufe cha kusimamisha kwa wiki tano, muda mrefu kuliko yote unaoruhusiwa pale. Nilijua pia kwamba wiki tano zikiisha mashine haiombi tena ruhusa. Inasubiri saa ambayo hakuna mtu mezani, inajizima, inajiwasha.

"Tayari?" aliniuliza.

"Nimezima kabisa, shangazi. Hakitakusumbua tena."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilikusudia kurudi Alhamisi. Ahadi ya fundi mnaijua wenyewe. Ningekuwa mteja wangu, ningeshajitukana siku nyingi. Alhamisi ikapita, mwezi ukapita, na kwa kuwa hakunipigia simu nilijidanganya kwamba hakuna neno.

Alipopiga ilikuwa asubuhi na alisema neno moja tu, njoo.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha mumewe. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa pembeni ya kibodi. Kwenye skrini kulikuwa na picha ya ziwa na milima, ile ambayo mashine hujiwekea yenyewe, na salamu ya kumkaribisha kwenye toleo jipya. Nilifungua mchezo wa drafti ingawa nilijua nitakachokiona. Kete zote zilikuwa zimejipanga safu kwa safu, hakuna iliyosogezwa. Zamu ya mweupe.

"Nimeamka leo nikasema moyo umekubali," alisema shangazi. "Nikafunua. Ulisema umezima kabisa."

Ningeweza kuisingizia mashine. Nimeisingizia mashine kwa wateja mara nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani kwangu. Lakini alikuwa ananitazama, nikamweleza yote: zile wiki tano, yule mteja wa printa, ile Alhamisi.

"Ungeniambia ni wiki tano," akasema, "ningezihesabu."

Ningefurahi kama angenitukana. Nilisimama pale na mkoba wangu wa bisibisi, mtu mzima, na machozi yakanijia.

Shangazi aliinuka akaleta karatasi, penseli na rula. Akachora ubao, miraba yote, kwa mkono uleule wa kwenye kadi, bila kufuta mahali. Kisha akaanza kuweka kete: duara tupu ni zake, duara lililopakwa ni za mumewe. Aliniambia niketi nishike karatasi isiteleze. Alikwenda upesi upesi, huyu hapa, huyu hapa, na nikaanza kupata matumaini kwamba huenda sikuharibu kitu. Alipofika kete ya mwisho, penseli ilisimama hewani.

"Hii," alisema. "Hii ilikuwa pembeni, au ilikuwa hapa katikati?"

"Ina uzito sana, shangazi?"

Ndipo akanieleza. Asubuhi ile ya Jumanne, kwa mara ya kwanza tangu waoane, alimwachia. Alisogeza kete vibaya kwa makusudi, akamfungulia njia ya kula tatu kwa mpigo na kuushinda mchezo. Alipita chumbani akamwambia, "Nimecheza, zamu yako," mumewe akamjibu, "Nakuja." Jioni alipoletwa nyumbani na majirani alikikuta kiti kimevutwa mbele ya kompyuta, na miwani ya mzee iko juu ya kibodi.

"Kwa hiyo alikaa," alisema shangazi. "Alitoka kitandani, akakaa hapa, akavaa miwani, akaiona. Na hakula. Akarudi kulala." Alipangusa penseli kwenye gauni lake ingawa haikuwa na vumbi. "Hii kete kama ilikuwa pembeni, basi mimi nilikosea kuhesabu. Angekula tatu, halafu mimi ningemfagia zote. Kwa hiyo aliogopa mtego, akasema ngoja nifikiri kwanza. Mtu mwenye akili zake. Lakini kama ilikuwa katikati, hapakuwa na mtego wowote. Alikuwa ameshinda. Na kama aliona ameshinda na hakucheza, ni kwa sababu alijua nimemhurumia. Alijua nimeshamhesabu kuwa anakufa. Hilo ndilo la mwisho alilolipata kutoka kwangu."

Akanigeuzia karatasi.

"Wewe ulikaa hapa siku ile," aliendelea. "Kitambaa nilikuondolea upande wa kulia, na kete hii ilikuwa upande huo. Ilikuwa wapi, baba?"

Nilikuwa nimeketi mbele ya ubao ule kwa dakika kumi na tano. Niliangalia kisanduku, niliangalia vitufe, niliangalia saa. Kete sikuiangalia hata moja. Lakini nilimwona uso, nikaweka kidole kwenye mraba wa pembeni.

"Hapa, shangazi. Nakumbuka vizuri. Ilikuwa hapa."

Alikitazama kidole changu, kisha akanitazama mimi. Ni macho yaliyokaa miaka thelathini na moja dirishani, yakiwatazama kina mama wakieleza kwa nini hawakuja siku waliyopangiwa.

"Asante, mwanangu," alisema.

Kisha akailaza penseli mezani, na mraba ule akauacha mtupu.