Swali la Kaka Filbert

Siku ile ya mkutano pale Munanila naikumbuka, mwanangu, hata vumbi lake. Kaka yangu Filbert, huyo babu yako, alikuwa akigombea udiwani dhidi ya Damasi, mwalimu aliyekua nasi uani kwetu. Damasi alipendwa. Kaka alipoona kura zinamponyoka, alishika kipaza sauti akasema, "Huyu atuonyeshe kaburi la babu yake liko kijiji gani."

Watu wakaangua kicheko. Babu yake Damasi alizikwa ng'ambo ya mpaka, Burundi, kama babu wa wengi waliokuwa wakicheka. Huku kwetu tunasikilizana lugha, tumeoana, na mpaka wenyewe tuliukuta umeshachorwa.

Jioni mama hakumpongeza. Alimwekea ugali, akamsubiri anawe, ndipo akasema, "Mwana wanje, mwanangu, umewafundisha watu swali ambalo hata nyumba hii haina jibu lake. Babu yako tulimwacha ng'ambo."

Kaka alijibu kwamba hizo ni siasa tu, zitapita.

Alishinda. Sitamnyima haki yake: barabara ya zahanati aliipigania yeye kule halmashauri, Kasulu. Lakini mama yake Damasi alianza kuitwa Mrundi sokoni, na salamu yake haikuitikiwa tena. Yeye na Damasi wakahamia Kibondo. Bibi wa watu akafia huko, migomba yake hakuiona tena. Inaniuma mpaka leo.

Kaka alipogombea mara ya tatu, kijana ambaye kaka mwenyewe alimfundisha siasa alisimama uwanja uleule, akamuuliza swali lilelile. Kaka akashindwa vibaya, na marafiki wa Kasulu wakaacha kupokea simu zake. Alijifungia ndani, mchana na usiku, mpaka tukamtoa kwenda kumzika.

Damasi alikuja mazikoni kutoka Kibondo. Alitupia udongo wake, akainama, akasema taratibu, "Filbert, sasa wajukuu zako wana kaburi la kuonyesha." Hakukaa kula.

Mjukuu mwenyewe ndiye wewe, na umekuja kuniaga uende kugombea. Nenda. Mshinde mwenzako kwa barabara, kwa maji, kwa dawa za zahanati. Alikotoka usikuguse, hata ukiona unashindwa. Kushindwa kunapona, mwanangu. Jirani uliyemfanya mgeni harudi. Mungu akutangulie, akulindie ulimi, na siku yako ikifika uzikwe na watu ambao hukuwafukuza.